Pombe Mbaya ya Namkunda

Paukwa!

— Pakawa!

Paukwa mtungi!

— Pakawa kata!

Na nani aonje kwanza?

— Onja wewe, sisi tutakutazama uso!

Haya, naonja, nanyi nitazameni. Nyie wa huko nyuma sogeeni, mimi sipigi kelele kwa ajili ya wavivu.

Hapo kale palikuwa na vijiji viwili katika mlima mmoja. Cha juu kiliitwa Masange. Cha chini kiliitwa Ndoro. Maji yalitoka juu, yakateremka kwa mfereji mmoja tu, na lango la mfereji huo lilitunzwa na mzee wa Masange aliyeitwa Sengasu.

Huko Ndoro alikuwako mama mmoja, jina lake Namkunda. Kazi yake kupika pombe. Mkarimu, mcheshi, mikono haitulii. Harusi, pombe ya Namkunda. Matanga, pombe ya Namkunda. Mavuno, pombe ya Namkunda.

Na pombe yenyewe, jamani, ilikuwa mbaya.

Mbaya vipi? Nzi walikuwa wakifika ukingoni mwa mtungi, wananusa, wanageuka. Ukiimeza ilikuwa inapanda tena kuangalia ni nani aliyeimeza. Unacheka wewe? Hujainywa.

Lakini watu wa Ndoro walikuwa na adabu. Adabu imewajaa mpaka puani. Kwao, kukaribishwa kitu na kukisema vibaya ni sawa na kumtukana mtu mama yake. Basi Namkunda alikuwa anaonja kwanza, maana desturi ya mlima ule ni mwenye mtungi kuonja mbele ya wageni, waone haina sumu. Anaonja, analamba midomo, anawapa. Wanakunywa, macho yanalengalenga.

"Ikoje?" anauliza.

"Tamu, mama!"

"Kweli?"

"Tamu sana!"

"Kweli kabisa?"

"Aa, mama, hii haina mfano!"

Akigeuka tu, kata zinamwagwa kwenye mgomba nyuma ya jiko. Mgomba ukafa. Wakahamia mgomba wa pili, ukafa. Wakahamia wa tatu, nao ukafa. Namkunda akawalaumu fuko.

Mambo yakaenda hivyo miaka kumi na mitano.

Sasa, mwaka mmoja mvua zikakatika. Mzee Sengasu akagawa maji kwa zamu, siku mbili Masange, siku mbili Ndoro. Watu wa Ndoro wakachukua siku tano. Sengasu akateremka kuwauliza: "Mmechukua siku ngapi?" Wakamjibu kwa heshima zote, na tabasamu juu: "Mbili tu, mzee wetu." Sengasu akageuka. Akapanda kwake, akafunga lango.

Hapo ndipo Ndoro walipoiona dunia. Ulezi ukageuka njano. Ng'ombe wakawa wanalamba mawe. Watoto wawili wananywa kata moja ya maji kutwa nzima. Bila lango lile kufunguliwa, Ndoro ilikuwa inahama au inakufa, hapakuwa na njia ya tatu.

Wakachaguliwa watu wa kwenda kuomba. Wa kwanza Mzee Mshitu, mkuu wa kijiji. Wa pili Kihedu, mshenga, bwana mwenye ulimi laini, nusu ya ndoa za mlima ule zilifungwa kwa maneno yake. Wa tatu Namkunda. Kwa nini Namkunda? Kwa sababu ilijulikana Sengasu atawakaribisha pombe, na kumwacha fundi wa pombe waliyemsifu miaka kumi na mitano ingekuwa aibu. Mnaona adabu inavyowapeleka watu?

Wakapanda. Wakafika.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni ndani."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaeni. Hatuongei maji na koo kavu."

Sengasu akaleta mtungi. Akachota, akaonja kwanza, kama desturi inavyotaka. Mishipa ya shingo ikamsimama. Chozi moja likamtoka jicho la kushoto. Akasema, "Nimeonja," akampa Mshitu kata.

Mshitu akapiga fundo. Lo! Masikio yakamziba.

"Ikoje?" Sengasu akauliza.

"Tamu, mzee mwenzangu."

Sengasu akaweka kokoto moja chini. Akampa Kihedu.

Kihedu akanywa. Rangi ikamtoka, ikarudi, ikatoka tena. Akafuta mdomo.

"Ikoje?"

"Tamu, mzee! Huko kwetu tungeipata hii, tusingelima. Nimesikitika tu kata ni ndogo."

"Basi ongeza," akasema Sengasu, akamjazia mpaka juu, akamsimamia mpaka akamaliza. Kihedu hakusema neno tena asubuhi ile. Sengasu akaweka kokoto ya pili.

Akampa Namkunda.

Namkunda akanywa. Akanywa yote. Akalamba midomo.

"Ikoje, mama?"

"Nzuri tu, mzee. Imenikumbusha nyumbani."

Kokoto ya tatu! Sengasu akainuka, fimbo mkononi.

"Waongo watatu! Pombe hii nimeiharibu kwa makusudi, nione kama Ndoro kuna mtu mmoja wa kuniambia kweli. Nitagawana vipi maji na watu ambao hata pombe mbaya hawawezi kuisema? Nendeni. Lango halifunguliwi."

"Ngoja, mzee," akasema Namkunda. "Mimi si mwongo. Niongeze."

Akaongezwa, akanywa. Akaomba tena, akanywa. Kata tatu, uso mkavu! Sengasu akakaa. Mtu haongopi kwa kata tatu za pombe ile.

"Umeiharibu vipi?" Namkunda akauliza.

"Mtungi sikuuosha mwaka mzima."

"Mimi wangu siuoshi kabisa. Nilidhani ndiyo baraka."

"Ndizi nimezingoja mpaka zikaoza."

"Mimi nazingoja zitoe maji meusi."

"Magome machungu nimetia konzi tatu, badala ya kipande kimoja."

"Mimi natia konzi nne," akasema Namkunda, na sauti ikaanza kumpotea. "Nne, mzee. Wakati mwingine tano."

Namkunda akageuka taratibu, akamtazama mkuu wa kijiji chake.

"Baba Mshitu. Pombe yangu ikoje?"

Hapo sasa! Mshitu akaangalia huku, adabu ya baba zake. Akaangalia huku, Sengasu na fimbo yake. Chini kule, watoto na kata moja ya maji. Wewe ungesemaje? Nyamaza, hukuwako.

"Ina nguvu," akasema Mshitu.

Sengasu akapeleka mkono kwenye kokoto ya nne.

"Pombe yangu ikoje, baba?"

"Ina ladha yake peke yake."

Sengasu akaiokota kokoto.

"Baba Mshitu, nakuuliza mara ya tatu. Ikoje?"

"Mbaya!" Mshitu akapasuka. "Mbaya, dada yangu! Mbaya tangu siku ya kwanza! Siku ya harusi ya mwanangu nilikunywa nikalia, watu wakasema ninamlilia binti. Sikuwa namlilia binti! Migomba yako haikuuawa na fuko, tumeiua sisi. Tulikupenda, tukashindwa kukuambia. Na maji tulichukua siku tano, Mzee Sengasu, siku tano nzima, na mimi ndiye niliyesema mbili."

Akafunika uso kwa mikono.

Sengasu akaitupa kokoto nje. Akainuka, akaenda kwenye lango, akang'oa gogo lililozuia maji kwa mikono yake mwenyewe. Maji yakaruka, yakashika njia ya Ndoro.

Wakateremka, maji ubavuni mwao. Mshitu anacheka na kulia. Kihedu anasimama kila hatua kumi kutapika kichakani. Namkunda yuko mbele peke yake. Ameumia, jamani. Kijiji kimepata maji, na yeye amepoteza miaka kumi na mitano ya kusifiwa. Kila harusi aliyoikumbuka, kila "tamu, mama", ilikuwa inamrudia na kumchoma. Alipofika alipita katikati ya watu waliokuwa wanacheza mferejini, akaingia kwake, akafunga mlango.

Akakaa siku moja. Akakaa siku mbili. Siku ya tatu akatoka na mtungi kichwani, akaenda nao mferejini, akausugua kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka. Akapika upya. Ilipoiva akawaita watu wote wa Ndoro, akaonja, akampa Mshitu.

"Ikoje?"

Mshitu akanywa, akafikiri.

"Mbaya, dada. Lakini si kama ile."

Watu wakajiinamia, wanangoja mwiko uruke. Namkunda akasema, "Asante," akamwaga mtungi wote, akaanza tena.

Mara ya pili, Mshitu akasema, "Chungu." Akamwaga. Mara ya tatu, "Nyepesi." Akamwaga. Mara ya nne, ya tano, ya sita, kila mtu sasa ana neno la kusema, na wengine wamenogewa wanasema kuliko walivyoulizwa. Namkunda anasikiliza, anamwaga, anapika.

Mara ya saba Mshitu akanywa. Akanywa tena, akamaliza kata, akaisogeza mbele.

"Nzuri," akasema. "Niongeze."

Namkunda akauwekea mtungi kifuniko, akaingia jikoni, akakaa chini kando ya mafiga, akalia sana. Miaka kumi na mitano alikuwa akiambiwa pombe yake haina mfano. Siku ile ndiyo aliyosifiwa.

Nami kata yangu imekauka, mtungi naufunika hapa. Ambao ngano hii imewakolea, nendeni nayo mkainywe kwenu. Ambaye imemchachia, aniambie sasa hivi, mbele ya watu, nipike nyingine.