Unga Uliolazwa Karibu na Moto

Mtu akichomwa na mwiba njiani, hata hasimu wake huinama kuutoa. Lakini aliyeuchuma mwiba kwa mkono wake na kuukanyaga kwa mguu wake, nani atamfuta machozi? Hayo ndiyo yaliyomfika Anaclet, mpishi wa Élisabethville, katika miaka ile ya hamsini Wabelgiji walipokuwa wangali wanautawala mji.

Anaclet alimpikia Madame mmoja wa Kibelgiji, na katika mtaa wao, ulioitwa Kenya, sifa zake zilivuma kama baragumu. Harusi haikuwa harusi mpaka yeye aonje mchuzi. Watu walimwita "Chef", naye kila alipoitika kifua kilimpanda. Mkewe Brigitte, mama wa mtoto wao Donat, hakuwa na jina lolote la kushindana na hilo, hadi alipojiunga na foyer, shule ya akina mama ambako watawa walifundisha ushonaji na mapishi.

Msimu huo wa baridi walifundishwa feuilleté, mikate midogo ya nyama. Unga wake hukunjwa pamoja na siagi, ukasukumwa, ukakunjwa tena na tena, hata ukiokwa huinuka matabaka kwa matabaka, mepesi kama majani makavu. Brigitte alijaribu nyumbani. Alisukuma kwa chupa tupu ya bia, akaoka katika sufuria yenye makaa chini na juu ya kifuniko. Upande mmoja uliungua, lakini jirani yao Mado alipong'ata, alifumba macho.

"Mama Donat, hii iko tamu! Hata Chef hajatupikia kitu kama hiki!"

Ulikuwa mzaha tu. Anaclet, aliyekuwa akivua viatu mlangoni, alicheka pamoja nao. Hata hivyo, neno lile lilimkwama kama mfupa wa samaki kooni, halimezeki wala halitemeki. Tangu jioni ile akawa haoni kitu ila mikono ya mkewe. Alipoisikia ikikanda, moyo ulimchemka. "Miaka yote nimeungua mbele ya jiko la Mzungu," alijisemea, "halafu huyu wa jana ndiye asifiwe?" Akaanza kulalamikia chumvi iliyokuwa sawasawa.

Kisha moto ukatiwa mafuta. Mtawa mkuu alitangaza kwamba Jumapili, baada ya misa, wageni kutoka mjini wangeonja mapishi, na mshindi angefanywa mwalimu msaidizi. Kila mwanafunzi angeandaa unga wake nyumbani na kuuoka shuleni. Jumamosi Brigitte alimwendea mumewe, mikono imejaa unga.

"Baba Donat, wewe ndiye fundi. Kwenye foyer tunaulaza unga ndani ya frigo. Hapa mimi niliuweka uani, kwenye baridi. Ni vizuri vile, ao mafundi wana njia ingine?"

Anaclet alijua. Kwa Madame hakuwahi kuukunja unga huo bila kuulaza kwenye baridi ya friji, siagi ipate kuganda. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, lakini wivu ukamtangulia kusema.

"Baridi ya uani inaua unga," alijibu bila kumtazama. "Uweke karibu na mbabula, upate joto ya makaa mpaka asubuhi."

"Aksanti, tata," Brigitte alisema, akimwita baba kwa heshima, uso umemng'aa.

Asubuhi, kando ya jiko lile la makaa, siagi ilikuwa imeyeyuka na kuvuja kama jasho. Hakukuwa na nyingine. Brigitte alijifuta machozi, akaubeba unga wake hivyo hivyo. Mikate yake ilitoka bapa, migumu, imelowa mafuta.

Anaclet alikuwa amesimama miongoni mwa waume, shati limepigwa pasi, moyoni akionja utamu wa siri. Utamu huo ulimkauka kinywani alipomtambua mmoja wa wageni waliokuwa wakionja: Madame wake. Bibi huyo aligonga mkate wa Brigitte kwa uma, ukalia kama ubao.

"Mama, nani alikufundisha hivi?"

"Ni bwana yangu, Madame. Aliniambia niulaze karibu na moto," Brigitte alisema, akiamini kwamba jina la mumewe lingemtetea. "Anaclet, mpishi wako."

Shingo zote ziligeuka.

"Anaclet?" Madame alishangaa. "Kwangu unauweka kwenye frigo kila siku. Hukujua?"

Angesema hakujua, upishi wake ungekufa pale pale. Angesema alijua, utu wake ungekufa mbele ya mkewe. Aliinama kutazama viatu vyake, na watu wakapata jibu. Brigitte alimtazama, akaelewa, akainamisha kichwa. Nafasi ya ualimu ilimwendea Adolphine, mwanafunzi mwenzake.

Tangu siku hiyo, hakuna aliyemwita tena Chef. Harusi iliyofuata mtaani walimwita Brigitte. Anaclet alikonda, akaenda kumlilia kaka yake mkubwa, Floribert, aliyezoea kumwita yaya.

"Watu wote wananicheka, yaya. Hata wewe huniambii pole?"

"Pole ya nini?" Floribert alimkata. "Nani alikusukuma?"

Aliporudi nyumbani alimkuta Brigitte akiutoa unga uani, mgumu kwa baridi, bila kumuuliza mtu. Wala hakuinua macho.

"Mama Donat," alianza kwa sauti ya chini, "moyo unaniuma."

"Naona," Brigitte alijibu, akaendelea kusukuma.

Naam, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.