Mazabodi ya Utepe Uliokatwa

Kuchagua si kosa. Asiyechagua sokoni huuziwa kilichooza na kuambiwa karibu tena. Lakini kuna kuchagua kwa macho na kuna kuchagua kwa dhana mbaya, na huku kwa pili ndiko wahenga walikotuonya nako.

Alikuwako mchoraji wa ramani za nyumba, mke wa seremala, ambaye wenzake kazini walimbandika jina la Bi Chunguza. Mama huyu hakuamini hata kivuli chake. Akiletewa maji ya kunywa, huyainua juani kwanza, akiambiwa amependeza, huuliza, "Unataka nini kwangu?"

Mkandarasi mmoja alimwahidi kazi ya kuchora ramani za mtaa mzima, kwa sharti moja tu.

"Jumatatu asubuhi nitapita kwako. Nikukute na kompyuta yako mwenyewe, inawaka. Ukikosa, kazi nampa mwenzako."

Bi Chunguza alifurahi mno, kwani alikuwa amechoka kubembeleza mashine za watu. Kompyuta nzima ilimshinda bei, hivyo akaamua kuiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Kufikia Jumamosi alikuwa na kasha, memori, diski na prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ilibaki mazabodi, yaani ule ubao ambao vipande vyote hupachikwa juu yake, na akiba yake ilitosha ubao mmoja tu.

Aliingia kwanza katika duka la fundi mmoja mpole, aliyekuwa na desturi ya kufungua kila boksi na kupima kilichomo kabla ya kukiuza.

"Huu hapa, dada. Nimeuwasha jana, hauna neno."

"Kama ni mpya, mbona utepe wa boksi umekatwa?"

"Nimeukata mimi. Siuzi nisichokiona kinawaka."

"Na huu wino hapa nyuma?"

"Tarehe niliyoupima."

Ehee! Bi Chunguza akawaza. Aliyeuwasha ameutumia. Na bei yenyewe mbona ndogo hivi? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Toa prosesa yako tuipachike hapa hapa, ujionee," fundi akamsihi.

Bi Chunguza akaukumbatia mkoba wake. "Ili uibadilishe nikigeuza shingo? Thubutu!"

"Nitaibadilisha kwa uchawi gani, dada, na umenikodolea macho namna hiyo?" fundi akacheka. Kicheko hicho kilimtia shaka zaidi, akatoka bila kuaga.

Katika duka la pili aliagiza ubao ambao haujaguswa na mkono wa mtu. Akaletewa boksi lililofungwa. Alilinusa kama samaki wa jana, akapitisha ukucha juu ya utepe, akalitikisa, akalipindua.

"Prosesa yako ni ya aina gani, mama?" muuzaji akauliza.

"Mambo yangu yanakuhusu nini? Wewe uza!"

"Haya. Ila ukishafungua, sirudishi pesa."

Nyumbani, mumewe aliukata ule utepe kwa kisu. Ubao ulikuwa mpya kweli, unameta. Lakini prosesa ilikataa kukaa. Waliigeuza huku na huku, wapi! Ubao ule ulitengenezwa kwa prosesa za aina nyingine kabisa.

"Mke wangu," seremala akasema taratibu, "mlango haununuliwi bila kupima fremu. Hukuwaonyesha wauzaji prosesa yako?"

"Wangeniibia!" Bi Chunguza akajibu, sauti ikimkatika.

Alirudi mbio kwa yule fundi mpole kuomba wabadilishane ubao, jasho likimtiririka.

"Pole, dada. Ule ubao ameuchukua mchoraji mwenzio muda huu huu. Alikuja na prosesa ya aina kama hii yako, tukaiwasha hapa, akaondoka. Mwingine wa aina hiyo nitapata wiki ijayo."

Jumatatu mkandarasi alifika kama alivyoahidi. Akalitazama kasha pale mezani, akalisifu.

"Zuri. Hebu iwashe."

"Haiwaki," Bi Chunguza akasema, machozi yakimlengalenga.

Mkandarasi alitazama saa, akampa pole, akaelekea kwa yule mwenzake. Bi Chunguza alibaki mlangoni akilia waziwazi. Siku hiyo alitafuta mtu wa kumshuku, asimpate ila yeye mwenyewe. Ama kweli, mchagua nazi hupata koroma.