Unga wa Kopo Moja

Ndugu zangu, leo sitawachekesha. Zimeni simu, nisikilizeni.

Alikuwepo mganga mmoja wa miti shamba, na msimdhanie vibaya, hakuwa tapeli. Alirithi kwa babu yake jani linaloshusha sukari, na lilishusha kweli. Lakini si mnawajua waganga wetu? Jani la dawa hawalitwangi peke yake. Wanalichanganya na majani mengine ya porini, ya kupoteza maboya tu, ili mteja asijue dawa ni lipi. Naye akafanya hivyohivyo, akawa anauza unga wake kwenye makopo.

Wakaja wataalamu wa chuo, wakaupima ule unga. Wakamwambia, "Mzee, humu kuna kitu cha maana kwa wagonjwa wa sukari. Ila kuna jani jingine linaharibu figo. Tuonyeshe la dawa ni lipi, tulitenge."

Akacheka. "Niwape siri ya babu yangu mkajitajirishe? Thubutu!"

Basi watu wakaendelea kunywa. Na mkewe naye alikuwa na sukari. Sasa niambieni, mzee alimpa mkewe nini? Si angemtwangia lile jani safi, peke yake? Wapi! Aliogopa mama yule akilijua atawaambia kaka zake. Akamchotea kwenye kopo lilelile, asubuhi na jioni, miaka miwili.

Mama akavimba miguu, akavimba uso. Hospitalini daktari akasema, "Sukari ya mama iko vizuri. Figo ndizo zimekufa, zote mbili."

Mzee akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama watoto, la dawa ni lile linaloota nyuma ya choo. Mengine yote niliyatia ya kuficha tu."

Mama akamtazama. "Kumbe hata mimi ulikuwa unanificha, baba watoto?" Wiki ileile wakamzika.

Naona mnaguna. Msimgunie yule mzee! Sisi je? Wangapi humu tunalijua neno la kumponya mwenzetu, tumelikalia tukiogopa atatupita? Tukilitoa, tunalitoa limechanganywa na hila zetu, na wa kwanza kulinywa ni wa nyumbani mwetu. Wewe mwenye siri ya namna hiyo, ibada ikiisha usije kunishika mkono mimi. Nenda nyumbani ukaseme, mgonjwa wako angali anasikia.