Nani Aliiangusha Nguzo ya Uani kwa Sekela?

Sogeeni karibu. Hadithi hii haina zawadi mwishoni, kwa hiyo anayengoja zawadi aondoke sasa, atatupunguzia msongamano. Ina watu watatu wenye vipaji na nguzo moja iliyooza.

Wa kwanza ni Ambakisye, fundi wa kampuni ya umeme, miaka thelathini na mmoja kazini. Kipaji chake kilikuwa sikio. Aligonga nguzo ya mti kwa nyundo mara tatu, akakuambia imeoza wapi, itaangukia upande gani, na kama itavuka masika.

Wa pili ni Mwanahawa, karani wa kampuni ya simu, binti wa Pangani aliyehamishiwa kwenye mji wetu wa mvua na chai, na tangu siku hiyo havui masweta mawili. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Kila waya wa simu uliopita juu ya mji huu aliujua: unatoka wapi, unaishia kwa nani, na huyo nani bado yu hai au alishazikwa.

Wa tatu ni Gwakisa, kibarua wa kampuni ya intaneti, baba wa mapacha, mwembamba kama ufito. Huyo alipanda. Ngazi kwake ilikuwa mzigo wa kubeba bure.

Sasa nguzo. Ilisimama uani kwa Sekela, mshonaji wa sare za shule, aliyekuwa akimuuguza mama yake, Bibi Subilaga. Bibi alipooza upande mmoja kwa kiharusi. Kila baada ya saa tatu Sekela aliacha cherehani akamgeuza, asije akatokwa na vidonda vya mgongoni. Hakukuwa na mwingine wa kumgeuza.

Ambakisye alikuja na nyundo yake, akagonga, akatikisa kichwa. Alifanya kila kitu sawasawa. Alisimamisha nguzo mpya hatua moja kutoka ile ya zamani, akahamisha nyaya za umeme, na ile ya zamani akaipiga alama ya X nyekundu, maana yake: imeoza, asipande mtu. Halafu akaondoka, kwa sababu kwenye kazi hizi kuna desturi: nguzo inaondolewa na atakayetoka wa mwisho, yaani atakayemaliza kutoa nyaya zake.

Miezi kumi na minne ikapita. Nguzo ikainama kuelekea dirisha la Bibi. Sekela akaenda kampuni ya umeme.

"Mama, sisi tulishatoka," wakamwambia. "Ile sasa ni ya watu wa simu."

Akavuka barabara kwenda kwa watu wa simu.

"Dada yangu, tungeshatoa nyaya zetu," Mwanahawa akamwambia, "lakini kanuni inatukataza kupanda nguzo yenye X."

"Sasa mtazitoaje?"

"Watu wa umeme wakileta gari lao la kunyanyua."

"Na wao wanalileta lini?"

"Tukishatoka."

Sekela akamtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshawaandikia watu wa umeme barua tisa, na jibu la kila moja lilikuwa kwamba barua imepokelewa.

Kwenye kampuni ya intaneti alimkuta Gwakisa mlangoni, anakula muhindi.

"Mama, waya wetu tumeufunga kwenye waya wa simu. Simu wakitoka, na sisi tunatoka."

"Ikiniangukia kabla?"

"Hapo utakuwa umetuwahi sote kutoka," akasema. Kisha akaona haya. "Samahani, mama. Ila mchana huu nitakuja niifunge."

Akaja kweli. Akaifunga nguzo mbovu kwa nguzo mpya, kamba mizunguko mitatu, kazi safi. Wiki iliyofuata mkaguzi wa umeme akapita, akaona nguzo imefungwa, akaiandika "imedhibitiwa", na kuifuta kwenye orodha ya hatari. Wema wa Gwakisa ukaongeza miezi minne.

Mtauliza kwa nini Sekela hakumhamisha mama yake. Nguzo ilikuwa na urefu wa mita tisa, nyumba upana wa mita sita. Hapo hata kuhama chumba hakusaidii. Na Bibi mwenyewe, kwa nusu ya mdomo iliyobaki, alisema: "Mimi nilikuja hapa kabla ya nguzo."

Masika yakaingia. Jumapili moja Ambakisye alikuwa anatoka kanisani, akapita uani kwa Sekela, akaokota jiwe akagonga. Akagonga tena. Akavua kofia.

"Mwanangu, wiki hii usimlaze mama hapa."

"Nimlaze wapi, fundi? Kwenye kanuni?"

Mzee akarudisha kofia kichwani. Akatoa simu akampigia Mwanahawa, ambaye kwa miezi yote ile alimjua kwa sahihi na namba ya simu tu, chini ya barua. Mwanahawa akaja na masweta yake mawili, na kwa maelekezo ya Sekela akamburuta Gwakisa kutoka uwanja wa mpira. Wakasimama chini ya nguzo, wote watatu, bila sare, bila kibali. Sekela alisimama mlangoni akaona yote.

"Ndiye wewe wa barua?" Ambakisye akauliza.

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye 'imepokelewa'?"

"Ile mihuri si yangu, mama. Mimi napewa nyundo tu."

Ambakisye akagonga. Alianzia usawa wa goti akapanda hadi kifuani, sikio kwenye mti kama mkunga. Akasema: chini ni unga mtupu, udongo haushiki kitu, nyaya ndizo zinazoibeba nguzo. Waya wa mwisho ukitoka, inaondoka nao. Akaonyesha kamba ipite wapi, majirani wavute kuelekea migombani, na msumeno uanzie upande gani. Bila sikio lake wangeivuta moja kwa moja juu ya Bibi.

Mwanahawa akahesabu nyaya. Zilikuwa tano, nyeusi zote, zimefanana kama mikia ya panya. "Wa kwanza ni wa duka lililofungwa, kata. Wa pili ni wa marehemu Mwalimu Kabuje, kata, Mungu amrehemu. Wa tatu ni wa mtu aliyehamia Chunya. Wa nne usiukate, nakuomba, ni wa zahanati, ndio wanaoitia gari la wagonjwa. Wa tano ni wenu nyinyi." Bila kumbukumbu yake wangekata waya wa zahanati, na ile wiki wanawake wawili walijifungua kwa shida.

Gwakisa akapanda. Aliweka mguu mmoja kwenye nguzo mpya na mwingine kwenye ile mbovu, akafungua, akakata, akahamisha, na kila alipohema nguzo ilijibu. Mtu mwenye kilo tano zaidi yake angeshuka nayo. Alipoufungua waya wa tano aliuondoa mguu kwenye nguzo mbovu taratibu, kama anayetoka chumba cha mtoto aliyelala.

Akakata na ile kamba yake ya mizunguko mitatu, majirani wakapiga msumeno, wakavuta. Ikaangukia migombani, ikavunja mkungu mmoja wa ndizi. Kupitia dirisha Bibi Subilaga aliona mbingu mahali ambapo hakuwa ameiona kwa miaka kumi na tisa. Mwanahawa akalia, akasema ni baridi.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi.

Jumanne yake, wakubwa wa kampuni zote tatu walikutana. Kikao ambacho kilishindikana kwa miezi kumi na minane kiliwezekana ndani ya siku mbili, chai na maandazi yakiwepo. Ajenda ilikuwa moja: nani kaondoa nguzo bila kibali. Kwenye mafaili nguzo ile ilikuwa nzima, imedhibitiwa, na ina wapangaji wawili. Wakamtuma ofisa mmoja kwa Sekela na fomu.

"Mama, ulikuwepo. Andika jina la aliyeiangusha."

"Walikuwa watatu."

"Fomu ina mstari mmoja."

"Nitawabana waenee."

Ofisa akavuta kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. "Nisikilize, mama yangu. Jina moja ni uzembe wa mtumishi: anaachishwa kazi, jalada linafungwa. Majina matatu ni njama ya kuhujumu miundombinu: wote wanaachishwa, wote wanapelekwa mahakamani."

"Na nikiacha wazi?"

"Nguzo ilikuwa uani kwako. Itabidi twende wote kituoni, na huko sijui watakukalisha siku ngapi." Akatazama kitandani kwa Bibi, kisha akatazama viatu vyake. "Kesho saa nane nakuja kuichukua."

Jioni ile wale watatu walikuja, mmoja mmoja. Ambakisye alisema amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu, na akiachishwa sasa anaondoka mikono mitupu. "Na kusema kweli, mwanangu, mimi nilibaki chini. Niligonga tu." Mwanahawa alisema kule Pangani kuna wadogo zake wanne wanaosoma kwa mshahara wake. "Halafu mimi, mwenzangu, hata kamba sikuishika. Niliongea tu." Gwakisa alisema kibarua akifukuzwa hakuna anayeuliza kwa nini, na mapacha wake hawajatimiza mwaka. "Mimi nilifanya nilichoambiwa, mama. Nilipanda tu."

Msikunje nyuso. Mlitaka washindane kujitoa kafara? Hadithi za namna hiyo zinasimuliwa kwenye semina. Hawa walikuwa wameshakuwa mashujaa Jumapili, na Jumanne walikuwa na familia. Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja aliondoka bila kumtazama Sekela usoni. Kabla ya hapo hawakuwa wakijuana. Baada ya hapo wanakwepana barabarani.

Sekela akamuuliza mama yake afanye nini.

"Mngeiacha," Bibi akasema.

"Ingekuua, mama."

"Basi fomu ingekuwa na jina langu."

Asubuhi jirani wa nyumba ya tatu alikuja kuuliza. Na kwake kuna nguzo yenye X, na ana wajukuu. Alisikia kuna mafundi waliomsaidia Sekela, akataka awajue.

"Siwajui," Sekela akamjibu.

Sasa ni saa nane kasoro. Gari la ofisa limesimama barabarani. Fomu iko juu ya cherehani, mstari mmoja, kalamu juu yake.

Ataandika Ambakisye, aliyeianzisha? Bila yeye kusingekuwa na Jumapili ile. Lakini pia bila yeye Bibi asingekuwepo leo, na fundi mwenyewe ni mzee. Mtu wa umri wake anaanzia wapi? Ataandika Mwanahawa, aliyemleta Gwakisa na kumwelekeza waya wa kukata? Ana elimu, pengine atapata kazi nyingine. Ndivyo tunavyosema daima juu ya kazi za watu wengine. Ataandika Gwakisa, ambaye mkono wake ndio uliofungua waya wa mwisho? Kwa kanuni yao wenyewe, aliyetoka wa mwisho ndiye mwenye nguzo. Lakini ndiye pekee ambaye angeweza kufa pale juu. Au auache mstari wazi, aende yeye kituoni, na saa tatu zipite, na saa tatu nyingine, pasiwe na wa kumgeuza mama yake?

Msiniambie kosa ni la mfumo. Hilo Sekela analijua kuliko nyinyi. Mstari ni mmoja, unataka jina la kwanza na la ukoo, na mfumo hauna ukoo.

Ofisa anabisha hodi. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe unayejifanya unatafuta kiatu: ungekuwa Sekela, kalamu mkononi, ungemwandika nani?