Ndago za Mzee Shemdoe

Bustani isiyo na gugu haina mgeni.

Ndiyo, hilo ndilo neno alilowaambia mwenyekiti wenu asubuhi, pale msichana huyu aliposema kwake hakuna kazi, wanachama wasijisumbue kwenda. Nyote mkacheka, kisha mkapanda kilima kizima kuja kuniuliza mimi limetoka wapi. Mmefanya vizuri. Kaeni hapo kwenye benchi. Na wewe mrefu, acha kuchungulia dirishani, hakuna mtu mwingine ndani. Mwanzo wa methali hii naujua kwa sababu nilikuwepo, na nusu ya lawama yake ni yangu.

Chama chetu cha bustani hapa Kwemhulo tulikianzisha tukiwa watu kumi na wawili. Milima hii ina mvua na ukungu wa kutosha, kila kitu kinaota, na magugu huota kwanza. Tulipenda maua, tulipenda mboga, na zaidi ya yote tulipenda kubishana: kama waridi likatwe kabla ya masika au baada yake, kama majivu yanamfukuza konokono au yanamchelewesha tu. Lakini kilichotuweka pamoja hasa kilikuwa palizi. Kila Jumamosi mwenyekiti aliuliza, "Kwa nani kumezidiwa?" Aliyezidiwa alinyosha mkono, mimi katibu nikaandika jina lake daftarini, na Jumamosi iliyofuata wote tukaenda kwake na majembe. Palizi ikiisha tulikunywa chai ya mwenyeji, tukagawana mbegu na vipandikizi, tukarudi makwetu. Mtu hakualikwa kwa chai tupu. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na kuwaita watu waache mashamba yao waje kukaa tu ilionekana ni kukosa adabu.

Mzee Shemdoe hakuwa mwanachama tangu mwanzo. Mwanachama alikuwa mkewe, Mama Salehe, mwanamke wa kicheko kikubwa na palizi mbovu. Kwake tulienda hata mara nne kwa mwaka. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Tulipofika alitusalimu kwa heshima zote, akarudi kwenye cherehani yake barazani. Mama Salehe alipofariki, mzee alikuja kikaoni akiwa ameshika jembe la marehemu, akaomba aandikwe mahali pake. Tukamwandika. Watoto wake walikuwa mbali mjini, na macho yalikuwa yamekataa kutunga uzi kwenye sindano, kwa hiyo cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Sasa huyu bwana alilima alivyoshona. Alitandaza uzi kutoka kigingi hadi kigingi, akapima kwa futikamba yake ileile ya kupimia suruali, akapanda kila mche mahali pake. Gugu likichomoza asubuhi, saa nne lilikuwa limeshang'olewa. Nasi tulimsifu, tulimsifu mno! Katika kila kikao mwenyekiti wetu, Bwana Kaniki, alisema, "Muigeni Mzee Shemdoe." Sifa tulimpa. Miguu hatukumpa, maana kwake hakukuwa na kazi.

Miaka miwili alikuja kwa kila mmoja wetu. Alipalilia kwangu, akapalilia kwa Kaniki, akanywa chai kwa watu kumi na mmoja, kisha akashika njia ya kwake peke yake. Siku moja, Kaniki alipouliza kwa nani kumezidiwa, Mzee Shemdoe alinyosha mkono. Kaniki akatuma wanachama wawili wakaangalie. Walichungulia juu ya ua tu, wakarudi wakicheka hadi machozi. "Pale hata kuku akiingia atatoka na njaa," walisema. Kikao kizima kikaangua kicheko, na mzee naye akacheka kidogo, akashusha mkono. Nilikuwa nimeshaandika herufi mbili za jina lake. Nikazikata kwa mstari.

Baada ya siku ile alianza kuja na gunia. Palizi ikiisha kwa mtu, aliyakusanya magugu tuliyong'oa, akayabeba kwenda nayo. Tuliona ni bidii nyingine, tukadhani anaozesha mboji. Tukamsifu tena.

Jumanne moja nilikwenda kwake kuomba vipandikizi vya waridi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, nikapiga hodi, kimya. Juu ya kabati la vyombo niliona vikombe vimepangwa, kumi na viwili, vipya, kila kimoja kikiwa bado na karatasi ya dukani ndani yake. Nikapita uani. Mzee alikuwa amechuchumaa, amenipa mgongo, ana kopo la maji mkononi. Mbele yake uzi ulikuwa umetandazwa kutoka kigingi hadi kigingi. Na chini ya uzi, jamani, zilikuwa ndago. Ndago kwa mstari, kila moja imeachiwa nafasi yake, na nyuma yake mstari wa gugu jingine, kishona nguo, uliopandwa hivyohivyo.

"Shikamoo, Mzee Shemdoe."

Alishtuka, maji yakammwagikia miguuni. "Marahaba, Katibu. Sikukusikia."

"Hizo si ndago?"

"Ni ndago."

"Na unazimwagilia?"

"Zilitaka kufa," akasema. "Zilikaa sana kwenye gunia."

Nilidhani uzee umemwingia kichwani. Nikachuchumaa karibu naye, nikamwambia polepole, kama mtu anavyosema na mgonjwa, "Mzee wangu, ndago haipandwi. Ukiipanda wewe, wajukuu zako watakuwa bado wanaing'oa."

"Basi vizuri," akanijibu.

Kisha akaniangalia, nami nikaona kwamba akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu.

"Zikishika mizizi baada ya wiki mbili, nitanyosha mkono tena," alisema. "Safari hii wakija kuchungulia, wataona kitu. Mama Salehe alipokuwa hai mlijaa hapa. Mimi nilikuwa barazani nashona, nawasikia mnavyobishana habari za konokono. Na mkishaondoka nilimgombeza. Nilimwambia, wewe mwanamke, huoni haya watu kukukuta na magugu? Naye alinicheka. Akaniambia, Baba Salehe, nikimaliza yote mimi, wenzangu watakuja kufanya nini?" Akaweka kopo chini. "Bustani isiyo na gugu haina mgeni, Katibu. Alinifundisha bure, na mimi nikakataa kusoma."

Nilitaka kumwambia kwamba tulikuwa tunampenda, kwamba hakuna aliyemkwepa. Lakini miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa na daftari, na yeye alikuwa ananisikia nikisoma majina ya watu wote isipokuwa lake. Niliona aibu, wanangu, naiona hadi leo. Nikasahau hata waridi nililolifuata.

Jumamosi, kabla Kaniki hajauliza, nilisimama nikasema, "Wiki ijayo ni kwa Mzee Shemdoe."

Kaniki akacheka. "Kwa Shemdoe kuna nini cha kupalilia?"

"Kuna ndago. Nimeziona kwa macho yangu."

"Ndago? Kwa Shemdoe? Zimetoka wapi?"

"Zimetoka kwetu," nikasema, nikakaa.

Basi tulikwenda, sote. Tulipoingia uani na kuziona zile ndago zimesimama kwa mstari wa uzi, kila mtu alielewa bila kuelezwa. Hakuna aliyecheka. Mzee Shemdoe alisimama pembeni, amevaa shati lililopigwa pasi, mikono haina pa kukaa. Kaniki ndiye aliyesogea kwanza. Aliweka jembe lake chini, akachuchumaa mwanzo wa mstari, akaanza kung'oa kwa vidole, moja baada ya moja, taratibu kabisa. Nasi tukachuchumaa. Ile ilikuwa kazi ya nusu saa, na tuliifanya mpaka alasiri. Mtu aling'oa ndago moja, akakaa, akasimulia habari za kwake, kisha akatafuta nyingine. Hoja ya konokono ilirudi, na mzee, ambaye miaka yote aliisikia akiwa barazani, alisema majivu hayafai kitu. Kaniki akamjibu kwa ukali. Mzee akafurahi. Halafu akaingia ndani, tukasikia karatasi zikitolewa kwenye vikombe.

Ndago ina vitunguu chini ya udongo. Unang'oa jani, mzizi unabaki unakucheka. Masika yalipokuja zilichipua tena, naye akanyosha mkono. Vuli vilevile. Alizitunza kwa namna yake, na sisi tulikwenda kwake miaka tisa, mpaka tulipokwenda siku ile ambayo hakuna aliyeshika jembe la palizi. Baadaye watoto wake waliuza kiwanja, na aliyenunua akakiweka saruji ukuta hadi ukuta. Kabla ya hapo, siku ya arobaini yake, nilichimba ndago chache pale penye kigingi, nikazifunga kwenye khanga.

Ndizo hizo mnazozitazama tangu mfike. Nimewaona mkikonyezana: bibi mzima, katibu wa kwanza wa chama, ana ndago mlangoni! Nacheka nanyi. Wale kumi na wawili tumebaki wawili, na mwenzangu magoti yake hayapandi tena kilima hiki. Mwenyekiti wenu ni kijana mwenye shughuli nyingi. Tangu mfungo uliopita, ninyi ndio watu wa kwanza kukaa kwenye benchi hilo.

Majembe yako nyuma ya mlango. Vikombe ni vilevile vya Mzee Shemdoe, vimebaki saba, vinawatosha. Wewe msichana usiyetaka kusumbua watu, nenda nyumbani kwako leo ukaache walau gugu moja, na Jumamosi ijayo unyoshe mkono. Bustani isiyo na gugu haina mgeni. Haya, anzeni pale kwenye kona, nami nabandika maji. Ila msizimalize zote leo.