Mashavu Juu ya Kichuguu

Paukwa! Nanyi mniitikie: Pakawa! Tena, hata walioko nyuma wasikike. Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika bonde moja lenye mto, wanyama walipata habari kila asubuhi kutoka juu ya kichuguu kilichokuwa ukingoni. Ngoma inalia, ti, ti, ti, kisha mpiga mbiu anasema. Wapiga mbiu wote walikuwa madume, na mkuu wao alikuwa Nyani.

Palikuwa na digidigi jike, jina lake Mashavu. Mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, maswali tele. Akaenda kwa Nyani kuomba kazi ya mbiu. Nyani akamwambia kazi ya majike ni kushika ngoma. Basi Mashavu akashika ngoma. Akashika masika, akashika kiangazi. Kila habari aliyoileta, Nyani alipanda nayo kichuguuni akaisema kama yake. Mashavu aliumia, lakini hakuacha kuuliza.

Siku moja mto ukakauka. Nyani akatangaza kwamba mtoni pana majani mabichi, wote washuke wakale. Wakashuka na watoto wao. Mashavu akajiuliza maji yamekwenda wapi. Akakimbia kuufuata mto kuelekea unakotoka, tipu, tipu, tipu, mpaka akaona kilima kimeporomoka. Udongo umeziba mto, na nyuma yake maji yamejaa kama ziwa. Akamuuliza Kiboko, mkazi wa pale, mto umezibwa lini. Kiboko akasema siku ya tatu sasa, na tangu alfajiri udongo unapasuka. Mashavu akasogea atazame mwenyewe. Kweli, maji yanapenya, chururu, chururu.

Akageuka mbio. Akamweleza Nyani yote. Nyani akacheka, akasema kwamba mwenye sauti nyembamba kama ya Mashavu hakuna atakayemwamini. Amwachie yeye habari hiyo, ataitangaza kesho.

Mashavu akaruka kichuguuni, akaipiga ngoma mwenyewe. Ti, ti, ti!

"Mimi ni Mashavu. Nimetoka huko juu sasa hivi. Udongo umeziba maji, nao unapasuka. Nimeuona kwa macho yangu. Tokeni mtoni."

Madume wakaguna. Nyani akamwamuru ashuke. Ndipo Nyati jike, mwenye ndama mchanga, akauliza, "Nyani, wewe umefika huko?"

Nyani akamwamuru tena Mashavu ashuke.

Nyati akatoka mtoni na ndama wake. Pundamilia akafuata, swala wakafuata, wazee wakisukumwa, watoto wakibebwa. Wa mwisho alipokanyaga ukingo tu, guuuu! Maji hayo, yamebeba magogo na mawe. Hayakumkuta hata mmoja.

Wanyama wakaamua kwamba kichuguu ni cha yeyote anayekwenda kuona. Nyani hakupenda, lakini akapisha.

Asubuhi yake wakaja kwa Mashavu Kanga jike na Nguchiro jike. Wakaanza kujitetea kwamba wao ni majike tu, ila wangependa kujaribu kupiga mbiu. Mashavu akawakatiza.

"Mmeona nini?"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Basi, wadogo kwa wakubwa, funzo ni hili: anayemnyima mwanamke kazi ya habari anatunyima sote habari. Apewe nafasi, asikilizwe, na kazi yake iitwe kwa jina lake. Hadithi yangu imetua hapo.