Pimbi na Kiboko Aliyetaka Galaksi ya Jirani

Paukwa.
Pakawa.
Jabali lipo?
Lipo.
Na bwawa lipo?
Lipo, ila kuna mtu kalilalia.
Basi tumwondoe.

Hapo kale ukame uliingia nchi ya mawe. Vijito vikakauka, likabaki bwawa moja tu, na ndani yake akalala Kiboko. Digidigi akija kunywa, Kiboko anafunua kinywa: "Yangu." Pundamilia akija: "Yangu." Hata Kobe, ambaye matone mawili yangemtosha, aliambiwa: "Yangu."

Juu ya jabali lililo kando ya bwawa aliishi Pimbi, mnyama mfupi asiye na mkia, mdogo kama sungura. Ukoo wake ulikuwa ukitazama mbingu tangu enzi na enzi, na Pimbi hakuona haya kujivunia jambo hilo. Siku hiyo watoto wake walikuwa wameacha kulia kwa kiu, na kimya chao kilimtisha. Akashuka.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Maji yangu."

"Najua. Na nyota je?"

"Zangu."

"Hizi za kwetu tu, au pamoja na za galaksi ya jirani?"

Kiboko akafumbua jicho la pili. Hakuwahi kusikia kwamba ana jirani. Pimbi akamweleza kuwa galaksi ni mji wa nyota, nyota nyingi kuliko mchwa wa vichuguu vyote, na jua letu ni moja tu miongoni mwao. Huko mbali kuna mji mwingine mkubwa, nao usiku wa giza huonekana kama doa la ukungu. Kiboko akauliza kama ni mbali sana, maana tayari ameutaka.

Pimbi akamwita Kobe. Akasema, tuchukulie galaksi yetu nzima imesinyaa, imekuwa na upana wa gamba la Kobe. Kobe akasogea, koto, koto, koto: gamba moja, Pimbi akachora mstari. Koto, koto, koto: gamba jingine, mstari. Yalipotimia magamba ishirini na tano, Pimbi akaweka kipande cha kibuyu mchangani.

"Jirani yako ndiye yule."

Kiboko akacheka hadi maji yakatikisika. Akasema hapo anafika bila hata kuhema.

"Utafika," Pimbi akakubali. "Lakini nauliza kwa heshima: galaksi yako wewe, Bwana Mkubwa, ni ya kadiri ya Kobe?"

Kiboko akanuna. "Yangu ni pana kama bwawa hili."

"Basi na njia itakua. Katika mfano, ukikuza kimoja umekuza vyote."

"Kuza."

Akatoka majini, gubu, gubu, gubu. Mfano haubagui upande wa kwenda. Aliyebagua ni Pimbi. Akaelekeza pua mashariki, uliko mto mkubwa usiokauka, mwendo wa kutwa nzima, ambao Kiboko hakuujua kwa kuwa hakuwahi kubanduka bwawani. Gubu, gubu: bwawa moja. Gubu, gubu: bwawa jingine. Mabwawa ishirini na tano yakawafikisha nyuma ya kilima, kwenye mchanga mtupu, na Pimbi akampongeza kwa kupata galaksi ya pili.

Kiboko akautazama ule mchanga, akauliza kama hakuna nyingine. Pimbi akakiri kwamba lipo kundi zima, zaidi ya galaksi elfu moja, ila ni mbali, zaidi ya mabwawa mia tano.

"Twende."

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukauka na kupasuka, kra, kra. Njiani akasimama, akasema imetosha, anarudi bwawani kwake. Pimbi akawawaza watoto wake. Huyu akirudi, wanawe wamekwisha. Uongo ulimjia hadi kwenye ncha ya ulimi, akaumeza.

"Tumeshavuka nusu," akasema. "Nyuma ni mbali kuliko mbele."

Kiboko akaguna, akaendelea. Jua likielekea kuzama wakafika mtoni. Kiboko akajitupa, chubwii. Maji yalipomfika masikioni akauliza hapa ni wapi.

"Kwa mfano wetu, Bwana Mkubwa, hapa ndipo kwenye lile kundi la galaksi."

"Yangu," akasema, akafumba macho. Hakurudi tena. Inasemekana hadi leo huwaambia samaki kwamba wamepanga kwake.

Pimbi alipofika nyumbani aliwakuta Digidigi, Pundamilia na Kobe wameinamia maji, na wanawe wamelowa hadi masikioni, wanapigiana kelele. Wote wakamsifu kwa uongo wake mkubwa. Pimbi akapanda jabali, akasimama kwa kimo chake chote, ambacho si kirefu.

"Uongo upi?" akauliza. "Vipimo vyote vilikuwa sahihi."

Ngano yangu imekunywa, imeshiba, inakwenda kulala. Funzo lake ni hili: elimu ya galaksi haina faida yoyote hapa duniani, na watu wafupi wasiruhusiwe kupima kitu. Anayebisha, mto uko mashariki; akahesabu mabwawa mwenyewe.